Grisi Nyeusi Gurudumu la Mbele: Kufungua na Kufunga Upya Nako ya Land Cruiser ya Zamani

Swali ni lilelile, anayeuliza tu ndiye anayebadilika. "Mkonga wangu (Land Cruiser) unatoa grisi nyeusi nyuma ya tairi la mbele, niongeze grisi au nibadilishe sili?" Mwingine anauliza kwa nini stelingi inatetemeka gari likifika kilomita 70 kwa saa. Wa tatu ameambiwa na fundi anunue sivi jointi (viungo vya shafti ya gurudumu) mbili mpya, na bei aliyotajiwa imemfanya aje kuuliza kwanza. Mara nyingi majibu ya wote watatu yako sehemu moja, ndani ya lile bonge la chuma la mviringo nyuma ya gurudumu la mbele, yaani nako. Nimeona niandike kazi nzima hapa, nisirudie tena vipandevipande.

Mwongozo huu ni wa Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele: mkonga HZJ75 na ndugu zake wa series 70 wa kabla ya 1999, series 60, na series 80. Hilux za ekseli nzima kama LN106 zinafanana nazo sana. Kama una Prado 95 funga ukurasa huu, gari lako halina kitu hiki mbele.

Nadharia kidogo tu

Mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma. Tufe hilo limefunikwa na nako, ambayo inageuka kushoto na kulia ukikata stelingi. Nako imeshikiliwa na beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini. Tuziite beringi za kingpini. Katikati ya tufe inapita shafti yenye sivi jointi, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ukiweka foo wili.

Difu (gia za katikati ya ekseli) ina oili, nako ina grisi. Kinachozitenganisha ni sili moja ndogo iliyokaa ndani kabisa ya tufe. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye nako, inayeyusha grisi inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, halafu inatokea nyuma kupitia sili kubwa ya kufutia tufe. Unachokiona chini kwenye sakafu ndicho hicho. Kuongeza grisi kupitia ile plagi ya juu hakutibu kitu, na bado ninaona watu wakiuziwa huduma hiyo kila mwezi.

Hakikisha kwanza tatizo ni hili

Chota grisi inayovuja kwa kidole, isugue, inuse. Kama ni nyepesi na ina ule ukali wa salfa wa oili ya difu, sili ya ndani imekwisha. Kama ina rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia. Kama ni kavu na ina chembechembe zinazokwaruza, hapo tegemea kubadilisha beringi pia.

Inua gurudumu moja, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki halafu utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni za kingpini. Jaribio hili linachukua dakika mbili na halihitaji spana hata moja, lakini gereji nyingi hulipita.

La mwisho ni sivi jointi. Nenda kwenye vumbi au mchanga, kamwe usifanye hivi kwenye lami. Weka habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye LOCK, weka foo wili, kata stelingi hadi mwisho, tembea taratibu ukizunguka. Sivi jointi mbovu inagonga kwa sauti ya chuma, ka-ka-ka, kila gurudumu linavyozunguka. Kama hakuna mlio, usinunue jointi mpya kwa sababu tu fundi ameona grisi nyeusi. Grisi yenye molibdenamu ni nyeusi tangu ikiwa kwenye kopo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze Jumapili mchana ukitegemea kutafuta spea katikati ya kazi. Kusanya hivi kwanza:

- Kiti, yaani seti, ya sili za nako ya pande zote mbili. Kiti nzuri ina sili ya ndani, pete za kufutia tufe (manyoya, mpira na vyuma vyake), sili ya habu, gasketi za spindeli (mhimili ambao habu inazungukia) na habu, na washa ya kukunja.
- Beringi nne za kingpini. Hizi badilisha tu, hata kama za zamani zinaonekana kuwa na afya. Za gurudumu unaweza kuzikagua na kuzirudisha.
- Grisi ya lithiamu yenye molibdenamu, namba 2, kilo moja na nusu, kwa ajili ya sivi jointi na nako. Grisi ya kawaida ya beringi za gurudumu, nusu kilo.
- Oili ya difu GL-5, 85W-90 au 80W-90, lita 3.
- Soketi ya milimita 54 ya nati ya habu. Hii haina mbadala.
- Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm), plaizi ya klipu, nyundo ya kawaida na nyundo laini, kigongeo cha shaba, pula ya tairodi (fimbo ya stelingi inayounganisha magurudumu ya mbele), spana na soketi za 10 hadi 19, bolti moja ya M8 ndefu kidogo.
- Mizani ya ndoano, ile ya springi anayotumia muuza samaki. Ndiyo, mizani. Utaona kazi yake.
- Mafuta ya taa au dizeli ya kuoshea, beseni mbili, matambara mengi, brashi ya waya, waya wa kufungia.
- Stendi mbili za chuma za kuegemeza gari.

Kuhusu spea: ukiwa Dar nenda Gerezani, ukiwa Nairobi nenda Kirinyaga Road, lakini popote utakapokwenda fungua boksi kabla ya kulipa. Beringi halisi ina jina na namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, haitoshi iwe kwenye karatasi ya boksi. Koyo, NTN na NSK ndizo ninazozitafuta. Izungushe kwa kidole: isikwame, isitoe mlio wa mchanga. Iliyofungwa kwenye gazeti iache hapohapo hata ukipunguziwa nusu bei. Kwa sili ndiyo usijaribu kabisa kubana hela. Utafungua tena ekseli nzima kwa ajili ya kipande cha mpira.

Onyo la kabla ya yote: matofali yanapasuka bila kukupa taarifa, na jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Weka stendi chini ya ekseli na magogo kwenye magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma yake. Na usioshe vyuma kwa petroli kwenye gereji iliyofungwa.

Kufungua

Fanya upande mmoja hadi mwisho, ndipo uhamie wa pili. Ukichanganyikiwa utakuwa na upande mzima wa kuangalia.

1. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Inua, weka stendi, toa tairi. Toa oili ya difu kwenye chombo safi uiangalie. Kwenye plagi yenye sumaku kutakuwa na unga mweusi, huo ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na hiyo ni kazi nyingine.

2. Fungua bolti mbili za kalipa, itoe na pedi zake, ifunge kwa waya kwenye springi au kwenye fremu. Usiiache ikining'inia kwa mpira wa breki. Mpira unaumia ndani, nje huoni kitu, halafu breki inaanza kuvuta upande mmoja.

3. Weka habu kwenye FREE. Fungua kifuniko chake chenye maandishi ya FREE na LOCK. Ndani, mwisho wa shafti, kuna klipu. Funga ile bolti ya M8 kwenye tundu la katikati ya shafti, vuta shafti kuja nje, klipu itapata nafasi na itatoka kwa plaizi. Series 80 za foo wili ya muda wote hazina kifuniko hiki cha kuzungusha, zina sahani tu, lakini klipu iko palepale.

4. Legeza nati sita za mwili wa habu. Chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyong'ang'ania. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu vitu. Usiichokoe kwa bisibisi. Acha nati ikiwa imeshika nyuzi chache tu mwishoni, weka kigongeo cha shaba juu yake, piga pigo moja kali. Koni itaruka yenyewe. Zikikataa, piga nyundo kwenye ubavu wa habu karibu na bolti, siyo kwenye nyuzi.

5. Sasa unaiona nati kubwa, washa iliyokunjwa, na nati ya pili nyuma yake. Kunjua washa, fungua kwa soketi ya 54. Ukikuta nati ina makovu ya tindo kila pembe, ujue aliyepita kabla yako alifanya kazi kwa kukisia. Ibadilishe.

6. Vuta habu pamoja na disiki. Weka kiganja mbele, maana beringi ya nje hutoka kwanza na hupenda kuangukia mchangani.

7. Fungua bolti nane za spindeli, toa kinga ya vumbi, gonga spindeli kwa nyundo laini hadi iachie. Beseni iwe tayari chini. Kama sili ya ndani ilikuwa imekufa, supu yote itamwagika hapa.

8. Zungusha shafti hadi ule upande wake uliobapa uangalie juu, kisha ivute itoke moja kwa moja. Upande huo usipokuwa juu, shafti itakwama kwenye nako, na watu huanza kuigonga bila sababu.

9. Toa tairodi kwa pula. Fungua nati nne za mkono wa stelingi na nne za kifuniko cha upande wa pili. Nazo zina washa za koni, dawa ni ileile ya hatua ya 4. Chini ya mkono na kifuniko kuna shimu, yaani bati nyembamba sana. Ziandike: juu kushoto, chini kushoto, juu kulia, chini kulia. Kila moja mfuko wake. Ukizichanganya, umepoteza kipimo cha kiwandani cha ekseli yako.

10. Fungua bolti ndogo za vyuma vya nyuma ya nako vinavyobana pete za kufutia tufe. Kabla hujazigusa pete zenyewe, piga picha ya mpangilio wake. Sasa toa nako nzima, kidole kikiwa chini ya beringi ya chini isidondoke.

Kuosha na kukagua

Hatua hii haina namba kwa sababu haina mwisho. Osha kila kitu hadi uone rangi ya chuma. Mchanga mmoja unaobaki kwenye beringi mpya utaianzia safari ya kufa siku ya kwanza. Mimi huosha mara mbili kwenye beseni mbili tofauti, la pili likiwa na mafuta ya taa safi, halafu nafuta kwa tambara lisilotoa nyuzi. Usikaushe beringi kwa upepo wa kompresa ukaiacha izunguke kwa kasi bila grisi.

Angalia vikombe vya beringi za kingpini, yaani pete za nje ambamo roli huzunguka. Ukiona alama za roli zimejichora kama mistari, hiyo ndiyo sababu stelingi yako ilikuwa inakwama kidogo katikati na kutetemeka. Inatokea sana kwa magari yanayokula barabara za makorongo, kama ya Ziwa Natron au kule Loliondo, kwa sababu nako inapigwa mahali pamoja maelfu ya mara bila kuzunguka.

Pitisha kucha kwenye shafti mahali sili ya ndani inapokaa. Kucha ikinasa kwenye mfereji, sili mpya haitazuia oili hapo. Dawa ni shafti nyingine, au sili uiweke ndani au nje kwa milimita moja au mbili ili mdomo wake ushike sehemu ambayo haijaliwa.

Uso wa tufe uwe laini. Kutu ndogo piga msasa laini. Mashimo makubwa yatakula sili mpya, na hapo utaamua mwenyewe kama unaweza kuishi na uvujaji mdogo au unatafuta ekseli nyingine.

Usisahau bushi ya shaba ndani ya spindeli. Shafti ikicheza humo sana, ibadilishe.

Sivi jointi: osha, ikunje kila upande, angalia njia za gololi. Mng'aro ni sawa, vishimo na nyufa si sawa. Na hapa kuna mbinu ya wakongwe: jointi zinachakaa upande mmoja kwa sababu gari huenda mbele muda mwingi kuliko nyuma. Kama zinagonga kidogo tu, zitoe kwenye shafti zake na uzibadilishane, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Gololi zitaanza kusukuma upande ambao haujaliwa. Shafti zenyewe usibadilishane, urefu wake haulingani.

Kufunga

11. Chomoa sili ya ndani ya zamani, safisha mahali inapokaa, paka mdomo wa sili mpya grisi kidogo. Igonge kwa kitu bapa cha mviringo kinachotosha ukingo wake, polepole, ukizungusha. Iingie sawasawa. Ikiinama hata kidogo, itoe uanze na nyingine. Nusu ya kazi zinazorudi baada ya wiki zinarudi kwa sababu ya hatua hii.

12. Toa vikombe vya zamani vya kingpini kwenye tufe kwa kigongeo cha shaba, ingiza vipya hadi vikae chini kabisa. Mlio wa nyundo hubadilika vikifika, unakuwa mkavu.

13. Ingiza pete za kufutia kwenye ekseli sasa, kabla ya nako, kwa mpangilio wa ile picha. Pete hizi hazipiti tena ukishafunga nako. Ziache zining'inie huko nyuma, usizibane bado.

14. Jaza beringi mpya za kingpini grisi. Weka bonge kwenye kiganja, lisukume beringi hadi grisi itokee juu kati ya roli, kila roli. Kupaka nje tu si kujaza. Ziweke mahali pake, rudisha nako, shimu zilezile mahali palepale, mkono na kifuniko, washa za koni, nati. Kaza kwa toki renchi. Kwenye series 80 nati hizi hukazwa Nm 96. Gari lingine fuata kitabu chake. Nati hizi usizikaze kwa hisia, maana ndizo zinazoshikilia stelingi yako.

15. Mizani. Tairodi ikiwa haijafungwa, shafti haimo na pete hazijabanwa, tundika ndoano kwenye tundu la mkono wa stelingi inapokaa tairodi. Vuta kwa pembe mraba na mkono huo wa chuma, taratibu, usome mizani nako inapoanza kusogea. Series 80 inataka kati ya kilo 3 na 5.5 hivi; soma ya gari lako kwenye kitabu chake. Ikisoma kidogo mno, beringi zimelegea: punguza shimu. Ikisoma nyingi mno, ongeza. Ukiweza, punguza au ongeza kiasi kilekile juu na chini ili nako ibaki katikati ya ekseli. Mafundi wengi wanairuka hatua hii, wanasema mkono wao unajua. Mtetemeko unaorudi baada ya miezi mitatu unatokana na mkono huo.

16. Bana pete za kufutia na vyuma vyake. Rudisha tairodi, kaza, weka pini mpya ya kupinda.

17. Jaza sivi jointi grisi ya molibdenamu kwa kuisukuma katikati huku ukiikunja, hadi itokee kila upande. Paka kidogo kwenye sehemu inayokutana na sili. Ingiza shafti huku umeinyanyua kwa mkono wa pili, isilale hata sekunde moja kwenye mdomo wa sili mpya. Meno yake ya mwisho ni makali, yanaikata. Tafuta meno ya difu kwa kuzungusha kidogo, itaingia bila kugongwa. Kisha jaza nako yenyewe grisi karibu robo tatu. Ukijaza yote, ikipata joto haina pa kwenda ila nje.

18. Spindeli na gasketi zake mpya, bushi ya shaba imepakwa grisi, bolti nane zikazwe kwa kuvuka: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Silikoni haina kazi nyingi hapa. Ikizidi inaingia ndani.

19. Habu: beringi ya ndani iliyojazwa grisi ya kawaida, sili mpya, halafu panda kwenye spindeli. Beringi ya nje, washa yenye ulimi, nati ya kwanza. Kaza hadi Nm 59 huku unazungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa ili roli zikae. Legeza kabisa. Kaza tena kidogo sana, Nm 5 tu, yaani nguvu ya vidole. Tundika mizani kwenye bolti ya tairi, vuta kufuata mzunguko: inataka takriban kilo 3 hadi 5.5 hapa pia. Ikifika, weka washa mpya ya kukunja na nati ya pili, Nm 64, kisha pima tena, maana nati ya pili mara nyingi inaikaza ya kwanza. Kunja washa upande mmoja ndani na mwingine nje.

20. Mwili wa habu, koni, nati, klipu (vuta tena shafti kwa bolti ya M8), kifuniko kikiwa kwenye FREE. Ukikifunga kikiwa LOCK ndani hakikai sawa na utavunja vidole vyake vya chuma. Zungusha kwa mkono kwenda LOCK na kurudi. Kisigome.

21. Kalipa, pedi, tairi. Pedi zilizolowa oili au grisi hazisafishwi kwa msasa wala kwa kuchomwa moto, hata kama kijana wa gereji atakuapia. Ukikuta zimelowa, nunua seti ya pande zote mbili.

22. Baada ya upande wa pili, jaza difu hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa.

Kabla hujalishusha gari, kuna kidude kidogo juu ya ekseli ya mbele kinachosahaulika: kipumulio. Difu ikipata joto hewa yake inatanuka na inatoka hapo. Kikiziba kwa matope, hewa inasukuma oili kupitia sili yako mpya. Na ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na inavuta maji kupitia sili hiyohiyo. Kifungue, kioshe, puliza. Ukiweza, funga mpira mrefu uupandishe hadi chini ya boneti. Kama unavuka mito mara kwa mara, hii si hiari.

Ukishafunga na bado kuna shida

*Habu ina joto.* Tembea kilomita 10 bila kushikilia breki, simama, gusa katikati ya habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, beringi imekazwa mno: fungua, rudi hatua ya 19. Usiseme itajilegeza yenyewe.

*Stelingi imekuwa nzito, hairudi yenyewe ukitoka kwenye kona.* Beringi za kingpini zimekazwa mno, au tairodi imefungwa ikiwa imejikunja. Ongeza shimu, pima tena. Pete mpya za kufutia nazo hukaza kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo uzito mdogo unaopungua kadiri unavyoendesha usikutishe.

*Bado inatetemeka kwenye 70.* Kama mizani ilisoma vizuri, hapo si nako tena. Anza na balansi ya tairi za mbele, halafu tairodi, bushi za springi, na mwisho shokapu ya stelingi. Usianze na shokapu. Inaficha tatizo kwa muda, haliondoi.

*Inavuja tena.* Tofautisha. Utando mwembamba wa grisi kwenye tufe ni kawaida, ndio unaolainisha sili. Tone linalodondoka si kawaida. Likinuka oili ya difu, sili ya ndani iliinama au ilikatwa na shafti. Likiwa grisi tupu, ulijaza kupita robo tatu au pete ziliwekwa kinyume.

*Kuna mlio wa ki-ki-ki ukiwa FREE.* Tazama kinga ya vumbi ya disiki kwanza, mara nyingi imepinda wakati wa kuitoa na inagusa. Inyooshe kwa mkono.

*Foo wili haishiki upande mmoja.* Kifuniko cha habu hakikukaa, au klipu ya mwisho wa shafti haikuingia kwenye mfereji wake. Kifungue, ni dakika kumi.

Ukifika kilomita 1,000, inua mbele tena, tikisa tairi juu na chini, na upitie nati za mkono wa stelingi kwa toki renchi. Kama zimelegea hata kidogo, usizikaze tu ukaondoka: fungua uangalie koni na bolti zake, kwa sababu bolti zilizocheza huanza kukatika moja moja. Baada ya hapo sivi jointi na nako zinataka grisi mpya kila kilomita 40,000 hivi, na mapema zaidi kama gari lako limeingia kwenye maji yaliyofika juu ya katikati ya magurudumu.